Barua kwa mwanangu aliyekasirishwa na imla

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, na natumai nawe hujambo. Barua za heshima husema dhumuni lake kubwa ni kukujulia hali, lakini tusidanganyane: dhumuni la hii ni ile karatasi yako ya maswali. Umeuliza kwa nini kitunguu kinaliza, kwa nini vidole vinakunjamana ukikaa majini, kwa nini huwezi kujitekenya, kwa nini sauti yako iliyorekodiwa ni ya mtu usiyemjua, kwa nini dakika ina sekunde 60 badala ya 100, na kwa nini herufi za kompyuta zimemwagwa ovyo. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao: KWA NINI IMLA NI NGUMU!!!

Naanza na la imla, maana ndilo linalokuuma, na ndilo lenye mkasa mtamu kuliko yote.

Kusema hakuna aliyekufundisha. Ulikaa tu katikati yetu ukasikiliza, siku ikafika ukaanza kutujibu, na hujanyamaza tangu hapo. Kuandika ni jambo jingine. Binadamu wamesema kwa muda mrefu usiohesabika, lakini maandishi yana umri wa miaka 5,000 na ushei tu. Ubongo haukuzaliwa na chumba cha herufi, kwa hiyo unaazima sehemu iliyozoea kutambua vitu na nyuso. Sehemu hiyo ina mazoea yake: kikombe kikitazama kulia au kushoto, kwake ni kikombe kilekile. Kwa vikombe hiyo ni busara, kwa b na d ni balaa. Ndiyo maana watoto wengi huzigeuza herufi hizo wanapoanza shule. Wengi huacha baada ya muda. Wako wanaoendelea kuhangaika na herufi hata ukubwani, hali iitwayo disleksia, na wamo humo watu wenye akili kali kabisa.

Hayo ni ya ubongo. Sasa tuje kwenye visa vya watu, na hapa, kwa upande wa Kiingereza, una kila haki ya kulalamika.

Kiingereza cha kale kilikuwa na adabu; herufi nyingi zilifanya kazi zake. Neno knight lilisomwa pamoja na k yake, na gh ikatamkwa karibu na kh ya Khamisi. Kisha mwaka 1066 Wanormani wakavuka bahari kutoka Ufaransa, wakaiteka Uingereza. Makarani waliozoea maandishi ya Kifaransa wakaanza kuandika Kiingereza kwa mazoea yao. Malkia, aliyekuwa akiandikwa cwen, akavishwa q na u mpaka akawa queen. Hakuulizwa.

Mwaka 1476 William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa vitabu Westminster. Alikuwa ameishi miaka mingi Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, na mazoea ya tahajia ya Kiflemi, lugha ya huko, yakaja na mtambo. Ndiyo asili ya ile h iliyojificha ndani ya ghost: mzuka ndani ya mzuka.

Lakini ubaya mkubwa ulikuwa wa wakati. Vitabu vilianza kugandisha tahajia huku matamshi yenyewe yakiwa safarini. Takriban kati ya 1400 na 1700 Waingereza walihamisha irabu zao ndefu karibu zote. Name ilikuwa ikisikika karibu na "naama", na bite karibu na "biite". Midomo ikaenda, karatasi ikabaki.

Wakaja na wasomi. Hawa ndio nisioweza kuwasamehe, kwa sababu wao walifanya makusudi. Neno debt liliingia kutoka Kifaransa bila b yoyote, watu wakaliandika bila b, na maisha yakaendelea. Wasomi wakaona aibu: Kilatini kina debitum, basi b ichomekwe, isomwe isisomwe. Kwa island walichemka kabisa. Ni neno la Kiingereza tangu zamani, lakini wao wakalidhania jamaa ya insula ya Kilatini, wakalipachika s ya ukoo usio wake. Na wewe leo unakatwa alama kwa kuisahau.

Ndipo tukafika kwenye ile ough iliyokuliza juzi. Though ni "dho", through ni "thruu", cough ni "kofu", rough ni "rafu". Herufi zilezile nne! Zilianzia mahali pamoja, sauti ya mwisho ikafa hapa, ikageuka f pale, na hakuna aliyerudi kuandika upya. Dawa ninayoijua ni ya kienyeji lakini inafanya kazi: kichwani mwako lisome neno vibaya kwa makusudi, kama lilivyoandikwa. Wednesday iwe "wed-nes-dei", island iwe "is-landi". Mdomoni sema kama wanavyosema wenyewe, lakini kichwani hifadhi ile ya kuchekesha.

Usidhani Kiswahili kimekuachia huru. Ni kweli tunaandika tunavyotamka, na sababu mojawapo ni kwamba tahajia yetu ya sasa bado changa. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, kwa hiyo msomaji alitakiwa kuijua habari kabla ya kuisoma. Herufi za Kilatini zilikuja baadaye, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikasanifu tahajia moja, kwa msingi wa Kiunguja. Hakuna Caxton wala mpenda Kilatini aliyepata nafasi ya kutuvuruga.

Tatizo letu liko sikioni. Ukiandika unavyotamka, basi ukitamka kombo utaandika kombo. Sauti za dh, th na gh ziliingia zaidi pamoja na maneno yenye asili ya Kiarabu, na si kila ulimi unaoongea Kiswahili ulikua nazo. Hapo ndipo thamani, samani na zamani vinapogombana, mpaka samani za zamani zenye thamani ziwe uji mtupu kwenye daftari. H nayo hupotea ikihitajika na kujitokeza isikoitwa. "Alafu" na "hamani" zote nimeziona kwako. R na l ndizo hatari zaidi, maana huzalisha maneno halisi: mtu anaandika amekwenda kupiga kula, mwingine anatafuta "mahari pa kukaa". Na tafadhali, "kwa sababu" ni maneno mawili. Wapo watu wazima wenye vyeo wanaoliunganisha, lakini vyeo vyao havikusaidii kwenye imla.

Najua utauliza kwa nini wakubwa wasikae kitako warekebishe yote. Wamejaribu. Noah Webster, mwenye kamusi ya Marekani ya mwaka 1828, alifanikiwa kuondoa u katika colour na kugeuza mwisho wa centre, lakini alipotaka ulimi uandikwe tung na wanawake wawe wimmen, Wamarekani walimwangalia tu. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza nyaraka za serikali zitumie tahajia rahisi kwa maneno 300, yakiwemo tho na thru. Magazeti yakamcheka, Bunge likakataa, naye kabla ya mwaka kwisha akasalimu amri. Rais mzima, kashindwa na ough. Ufaransa nao mwaka 1990 waliruhusu kitunguu, oignon, kiandikwe bila ile i isiyo na kazi. Mwaka 2016, wachapishaji wa vitabu vya shule walipotangaza kuifuata ruhusa hiyo, watu walipandisha hasira kana kwamba wameibiwa. Aliyekwisha kuteseka kujifunza jambo hapendi kuona wengine wanalipata bure. Ninavyoona mimi, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Na kwa kuwa kitunguu kimejileta, tukimalize. Ukikikata, kisu kinapasua seli zake, na vitu vilivyokuwa vimetengwa vinakutana: kimeng'enya upande mmoja, kemikali zenye salfa upande wa pili. Inazaliwa gesi inayopanda hadi machoni, na jicho linatoa machozi kuisafisha. Kisu kikali husaidia, kwa sababu hupasua seli chache. Kitunguu kilichopoa kwenye friji pia husaidia, kwa sababu baridi hupunguza kasi ya kazi hiyo. Nimelijibu hili kwa mapana kwa sababu nakuona ukiikwepa kazi ya kukata vitunguu kwa kisingizio cha machozi.

Vidole vikikunjamana, si kwamba vimelowa na kuvimba tu. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoamuru mishipa ya damu ya ncha za vidole ibane, na ngozi ya juu inakunjika. Madaktari waligundua hilo katika miaka ya 1930, walipoona kwamba kidole chenye mshipa wa fahamu uliokatika hakikunjamani hata kikae majini kutwa. Jaribio moja la mwaka 2013 lilionyesha kwamba mikunjo hiyo husaidia kushika vitu vilivyolowa, lakini lililofuata halikuona tofauti, kwa hiyo usiape.

Hujitekenyi kwa sababu serebelamu, ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, inajua vidole vyako vinakwenda wapi kabla havijafika, na mguso ukifika tayari umeshapunguzwa makali. Mdogo wako hatoi taarifa, ndiyo maana yeye anakuweza.

Sauti yako je? Ukiongea unajisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa huongeza uzito wa sauti za chini. Kinasa sauti hupata ile ya hewani tu. Samahani, lakini ile nyembamba unayoikana ndiyo tunayoisikia sisi sote kila siku, na tunaipenda.

Sekunde 60 ni urithi wa watu wa Babeli ya kale, waliohesabu kwa makumi sita. Si hesabu ya kijinga: 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30 bila salio. Kwa 100 huwezi hata kupata theluthi iliyo kamili. Walioona kama wewe walikuwepo. Mwaka 1793, wakati wa mapinduzi, Ufaransa iliamua siku iwe na saa 10, saa iwe na dakika 100, na dakika sekunde 100. Mwaka 1795 wakaachana nayo.

Herufi za kompyuta zilipangwa kwa ajili ya taipureta, na mpangaji mkuu ni Mmarekani Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, aliyepata hataza, yaani haki rasmi ya ubunifu, ya mashine yake mwaka 1868. Kampuni ya Remington ikaanza kuiuza mwaka 1874. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba alitenganisha herufi zinazofuatana mara kwa mara ili vyuma vyake visigongane. Wapo wanahistoria wanaosema maoni ya wapokeaji wa telegramu yalichangia pia. Mwaka 1936 August Dvorak alipata hataza ya mpangilio mwingine, aliosema ni wa haraka zaidi. Vidole vya watu vilikuwa vimeshazoea ule wa kwanza. Leo simu yako haina chuma hata kimoja cha kugongana, na bado unabonyeza kwa mpangilio wa Sholes.

Limebaki ombi lako la mwisho: nimwandikie mwalimu akurudishie alama zako, kwa kuwa makosa ni ya Wanormani. Siandiki. Ukitaka jaribu mwenyewe kwa debt peke yake, umweleze habari za wale wasomi, uone atasemaje. Chagua siku ambayo amekwisha kusahihisha madaftari. Lakini "mahari pa kukaa" usiitaje kabisa. Hapo Wanormani hawamo.

Wako akupendaye,
Mama