Kazi isiyofungwa na masika: barua kwa vijana wa Kusini Unguja

Wanangu na wajukuu zangu wa Jambiani, Paje, Bwejuu, Makunduchi na Kizimkazi,

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni mwezi wa nne, mvua inapiga mabati na kila gari ya abiria inayotoka upande wa hoteli inashusha vijana wenye mabegi. Hoteli zimefunga, au zimebakisha mpishi mmoja na walinzi, na nyinyi mmeambiwa mtaitwa. Mjukuu wangu alirudi juzi. Alikaa kibarazani, akanipa bahasha nimsomee. Ndani mlikuwa na mkataba wa miezi mitatu, wa nne kuusaini mahali pale pale. Jina lake limeandikwa kwa kalamu juu ya jina la mtu mwengine lililofutwa kwa wino mweupe. Mshahara umetajwa. Saa za kazi hazimo, likizo haimo, na ZSSF, ule Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, haikutajwa hata mara moja. Nikamuuliza kama aliusoma kabla ya kutia saini. Akaniambia, "Bibi, tulikuwa wengi nje, ukiuliza wanamwita wa nyuma yako."

Jawabu hilo limeninyima usingizi, ndio maana naandika.

Mimi nimeshaona kazi ikija kijijini kama neema na watu wote wakaikimbilia. Mwani ulipoanza kulimwa kwa biashara pwani yetu mwaka 1989, wengi wetu wanawake tulikuwa hatujawahi kushika pesa isiyopitia mkononi mwa mume. Tulishuka na bamvua, maji yakitoka tunakwenda mbali mpaka yanapofika magotini, tunafunga mche mmoja mmoja kwa taitai, vile vikamba vidogo, kwenye kamba, vidole vinachubuka kwa chumvi. Kwa pesa ile watu walitia mabati, wakasomesha watoto. Tukadhani tumefika. Kisha bahari ikazidi joto, ule mwani mnene wenye bei nzuri, cottonii, ukawa unaoza na kukatika kwenye maji madogo, tukabaki na aina nyengine, spinosum, ambayo mnunuzi anaitaka kwa bei anayoipanga mwenyewe. Aliyekuwa na mwani tu aliumia. Aliyekuwa na mwani, cherehani na konde la muhogo alitikisika akasimama.

Sasa naona utalii umeshika nafasi ile ile. Mwaka 2020 maradhi yalipofunga viwanja vya ndege, wageni wa mwaka mzima Zanzibar hawakufika laki tatu, na humu vijijini tuliona wahudumu waliozoea shati jeupe wakirudi baharini na mama zao. Mwaka 2024 wageni walizidi laki saba. Nashukuru, kwa sababu kazi zipo. Lakini idadi ile haisemi kazi ni ya nani wala ni ya miezi mingapi. Anayekuja Julai hayupo Aprili, na tumbo lako Aprili lipo.

Na serikalini msisubiri kwa kukaa. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Hakuna ofisi inayoweza kumpokea kila anayemaliza skuli katika ongezeko hilo.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: tafuteni kazi isiyofungwa na masika. Angalieni nani anabaki hotelini mvua zikianza. Anabaki fundi wa mafriji na viyoyozi. Anabaki anayejua pampu ya maji, umeme wa jua, bomba, mbao. Tena masika ndiyo miezi yao, maana hoteli inarekebishwa wakati haina mgeni. Makuti yanabadilishwa, vyumba vinapakwa rangi, bwawa linazibwa nyufa. Nimekaa kibarazani kwangu nikawaona mafundi hao wakishuka na masanduku yao, na wengi wametoka mjini au bara, wakipita mbele ya vijana wetu waliolala kwenye magenge. Chuo cha mafunzo ya amali kipo Makunduchi, hapo hapo mlangoni kwetu. Mtu mwenye cheti cha ufundi na Kiingereza cha kutosha kueleza kilichoharibika hafukuzwi kirahisi.

Watu wa bara musiwachukie. Wengi wao walisomea kazi hizi kabla ya kuvuka, na wamekuja kutafuta riziki kama wavuvi wetu wanavyokwenda dago, kambi za uvuvi, Tanga na Kenya. Jifunzeni kwao.

Na shamba pia. Nyanya na pilipili hoho nyingi zinazoliwa kwenye hoteli zinashuka bandarini kwa boti kutoka bara. Ardhi yetu ni ya mawe, najua, lakini makonde ya mawe yanatoa, na mtu mwenye tangi la maji na mpira wa kumwagilia kwa matone anaweza kupeleka kreti tatu kwa wiki kwa mpishi mmoja. Aanze na mpishi mmoja tu.

Sasa niseme na wazazi, na hapa nasema kwa majuto. Binti yangu alipata nafasi ya mapokezi hotelini, nikamkatalia. Niliogopa maneno ya watu, nikaogopa pombe, nikaogopa usiku. Hofu ya usiku ilikuwa ya kweli, kwa sababu zamu ilikuwa ikitoka saa tano na gari ya abiria hakuna. Lakini dawa yake ilikuwa kwenda na baba yake kuuliza kama hoteli ina gari ya wafanyakazi. Sikwenda. Nafasi ilichukuliwa na msichana mwengine, akapanda mpaka akawa msimamizi, na binti yangu mpaka leo yuko kwenye taitai na mimi. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Msiwafungie mabinti mlango. Nendeni mkaulize gari, stara ya sare na nafasi ya kusali, kisha muamue mkiwa mnajua.

Kuhusu karatasi. Tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na Kamisheni ya Kazi ipo kwa ajili ya malalamiko yenu. Ombeni nakala ya mkataba mkae nayo. Kila baada ya miezi michache nendeni ZSSF mkaulize michango imeingia mingapi, maana kukatwa kwenye mshahara na kufika kwenye mfuko ni mambo mawili. Mmoja akiuliza anaonekana mkorofi, kumi mkiuliza pamoja mnasikilizwa. Yule kijana anayekubali kuitwa badala yako, zungumzeni naye kabla ya msimu, kijijini, mkiwa bado hamjasimama getini.

Kila Ijumaa baada ya alasiri niko kibarazani kwangu. Mwenye mkataba na aje nao kabla ya kutia saini, tuusome mstari kwa mstari. Mjukuu wangu yeye ameshachukua fomu ya Makunduchi, anataka mafriji. Bado hajaijaza, anasubiri barua ya sheha.

Bibi yenu,
Jambiani