Widmann hagawanyiki mara mbili

Mhariri,

Waandishi wa kurasa za utamaduni wakimgusa Jörg Widmann, Mjerumani aliyezaliwa Munich mwaka 1973, humkata vipande viwili: aya moja ya mtunzi wa opera Babylon (2012), aya nyingine ya mpuliza klarineti, ala ya kupuliza yenye tete mdomoni, kisha hushangaa mtu mmoja anavimudu vipi vyote. Mgawanyo huo unaficha jambo lenyewe. Utunzi wake umeanzia kwenye matundu ya ala.

Chukueni Fantasie, kazi ya klarineti pekee aliyoiandika 1993, angali mwanafunzi. Inafunguka kwa sauti kadhaa zinazotoka pamoja katika ala iliyoundwa kutoa moja. Hilo halipatikani kwa nguvu za mapafu. Vidole hupangwa isivyo kawaida, tundu la juu likiachwa wazi huku ya chini yamezibwa, na hewa iliyomo bombani hutetema kwa urefu zaidi ya mmoja. Kazi iliyobaki ni ya mdomo: ukilegea mno hubaki sauti ya chini tu, ukibana mno, ya juu hukimbia peke yake. Tete likiwa gumu kupita kiasi, sauti huchelewa kuitika. Tena, vidole vilivyofaa kwenye klarineti ya mfumo wa Oehler, unaotumika Ujerumani na Austria, mara nyingi havifai kwenye ile ya Boehm, mfumo unaotumika kwingi kwingineko, kwa kuwa matundu na upana wa bomba havilingani. Mwanafunzi anayedai noti zimeandikwa vibaya aanze kukagua hapo.

Lipo jingine ambalo watunzi wa mezani hulisahau. Filimbi ikipulizwa kwa nguvu hupanda oktavu, yaani hadi noti ya 8 ukihesabu kutoka ile ya kwanza. Klarineti, yenye bomba la upana karibu ule ule na linalofanya kazi kama limezibwa upande wa mdomo, huruka hadi noti ya 12. Ndiyo maana vidole vya chini havijirudii juu kwa majina yale yale ya noti. Katikati pana daraja: noti A hutolewa kwa kidole kimoja tu cha shahada, lakini B inayofuata hudai karibu vidole vyote vishuke kwa mpigo mmoja. Kimoja kikichelewa, ala inapiga yowe. Kifungu kinachokwenda na kurudi hapo kwa kasi huonekana chepesi kwenye karatasi, basi.

Mtunzi Mjerumani Brahms alimhitaji mpuliza klarineti Richard Mühlfeld. Baada ya kumsikia katika mji wa Meiningen, aliandika trio na kwinteti zenye klarineti mwaka 1891, kisha sonata mbili mwaka 1894. Widmann ni Mühlfeld wake mwenyewe, na hali hiyo ina hatari yake: mtu anaweza kuandikia vidole vyake tu. Nadhani kilichomwokoa ni kupuliza kazi za wengine zingali mpya. Wolfgang Rihm, mwalimu wake wa utunzi, alimwandikia kazi ya klarineti na okestra mwaka 1999. Mtunzi Aribert Reimann akamwandikia Cantus, nayo ya klarineti na okestra, iliyopigwa mara ya kwanza 2006. Anayepuliza noti za mwenzake kabla ya mtu mwingine yeyote hugundua haraka mahali ambapo mtunzi alisahau kwamba binadamu huvuta pumzi.

Matokeo yanasikika hata pale ambapo yeye hapulizi. Con brio (2008), kazi yake ya okestra, inatumia ala zile zile za Simfoni ya Saba na ya Nane za Beethoven, lakini wapulizaji huagizwa watoe hewa bila noti, na mpiga timpani hugonga ukingo badala ya ngozi. Hewa hiyo ina mdundo wake ulioandikwa. Wapulizaji wakiifanya kwa haya, haivuki safu za mbele na sehemu nzima husikika kama makosa ya mazoezi.

Kwa hiyo wakaguzi wenu wanapoandika juu ya konseti yenye Fantasie, watuambie mpigaji alitumia klarineti ya mfumo gani, na kama zile sauti za mwanzo zilishika zote au moja ilipotea. Sifa za vipaji viwili tumeshazisoma.

Mwalimu wa ala za kupuliza