Safari za shule zisaidie kuhesabu punda milia wa Grevy

Mhariri,

Shule zinapopanga safari za hifadhi za Samburu, Buffalo Springs, Lewa au Ol Pejeta, jambo moja ni hakika: watoto watarudi na picha tele za punda milia. Picha hizo huishia kwenye simu za walimu, kisha hufutwa nafasi inapojaa. Sisi tulio walezi wa vyama vya wanyamapori shuleni tunaona huu ni upotevu mkubwa. Punda milia wa Grevy yuko hatarini kutoweka, na picha za watoto zinaweza kuingia katika hesabu yake, mradi zipigwe inavyotakiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 punda milia hawa walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Sasa wamebaki kama 3,000, karibu wote kaskazini mwa Kenya, na wachache wako Ethiopia. Januari 2016 wananchi wa kawaida, wanafunzi wakiwemo, walipewa kamera na kutumwa kuwapiga picha kwa siku mbili katika kaunti za kaskazini. Zilipatikana picha zaidi ya 40,000, na kompyuta ikalinganisha milia ya kila mnyama, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana. Makadirio yalikuwa 2,350. Zoezi liliporudiwa 2018, yakawa 2,812. Kwa hiyo anayesema kazi hii ni ya wataalamu pekee amechelewa.

Kwanza mtoto amjue mnyama mwenyewe. Atazame tumbo: la Grevy ni jeupe, milia haifiki huko. Punda milia wa kawaida ana milia mipana inayozunguka hadi chini ya tumbo. Grevy pia ana masikio makubwa ya mviringo, na milia yake ni myembamba. Watoto wa Grevy huzaliwa na milia ya kahawia, kwa hiyo rangi hiyo isimchanganye mwanafunzi. Ol Pejeta kuna machotara waliotokana na aina hizi mbili. Anayemwona mnyama asiyeeleweka aandike "sina hakika" na aendelee. Neno hilo lina faida kuliko jibu la kubahatisha.

Kanuni inayovunjwa zaidi ni ya upande. Milia ya ubavu wa kulia haifanani na ya kushoto hata kwa mnyama mmoja. Hesabu za Grevy hutumia upande wa kulia, yaani kichwa cha mnyama kikiwa upande wa kulia wa picha. Kwa nini tunasisitiza? Tuchukue mfano ambao mwalimu wa hisabati anaweza kuuandika ubaoni. Jumamosi wanafunzi wanatambua punda milia 40. Jumapili wanatambua 50, na kati yao 20 walishaonekana Jumamosi. Kwa kuwa 20 kati ya 50 wa Jumapili walishaonekana, tunachukulia kwamba wale 40 wa Jumamosi ni sehemu hiyo hiyo ya wote. Zidisha 40 kwa 50, gawanya kwa 20: makadirio ni 100. Sasa tuseme 10 kati ya wale 20 walipigwa picha upande wa kushoto siku ya pili, wakahesabiwa kama wageni. Walioonekana mara mbili wanabaki 10, na jibu linaruka hadi 200. Eneo lenye punda milia 100 limeandikiwa 200, na anayepanga ulinzi au maji ya kiangazi ataamini wapo wengi. Ndiyo maana picha ya upande usiofaa, ikichanganywa na nyingine bila kuandikwa, inadhuru kuliko kukosa picha kabisa.

Mfano huo unaonyesha pia kwa nini siku lazima ziwe mbili, tena zinazofuatana, wanyama wasije wakahama, kufa au kuzaliwa katikati ya hesabu. Shule yenye siku moja tu isikate tamaa: picha zake bado zinaweza kuonyesha mnyama fulani alikuwa wapi siku fulani.

Kuhusu picha zenyewe, bega na paja la nyuma lazima vionekane vizuri, kwa sababu hapo ndipo milia hupindana na kugawanyika kwa namna inayomtambulisha mnyama. Nyasi zikiyafunika mapaja, subirini asogee. Dereva azime injini, kwani mtikisiko wake huleta ukungu kwenye picha. Kioo cha dirisha kishushwe. Pigeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya mchana hewa ya moto juu ya ardhi huifanya milia icheze. Simu inatosha mnyama akiwa karibu. Akiwa mbali, kuvuta picha kwenye skrini hakuongezi chochote ila ukungu, na kamera moja yenye lenzi ya milimita 300 itafaa kuliko simu 20. Wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja apige picha na mwenzake aandike, na wote wabaki ndani ya gari.

Karatasi ya kuandikia iwe na tarehe, saa, mahali kulingana na GPS ya simu, idadi ya wakubwa, idadi ya watoto, na kama mifugo walikuwepo karibu. Idadi ya watoto isipuuzwe, maana ndiyo inayoonyesha kama kundi linajaza nafasi za wanaokufa. Kipande cha njia ambacho hakikuwa na punda milia nacho kiandikwe sifuri. Kikiachwa wazi, hakuna atakayejua kama palitazamwa.

Saa inahitaji uangalifu wa pekee kwetu sisi. Mtoto ataandika "saa 2" ilhali kamera imeandika 08:00, na anayeunganisha kumbukumbu hizo mbili atadhani punda milia alionekana usiku wa manane. Chagueni mfumo wa saa 24 kwa kila kitu. Kabla ya kuondoka langoni, kila kamera ipige picha ya saa ile ile ya mkononi iliyo sahihi pamoja na kadi yenye namba ya gari. Kamera ikiwa mbele kwa dakika saba, kosa litajulikana na kurekebishwa baadaye.

Kisha kuna kosa la kutuma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Picha hupunguzwa ubora, na taarifa za mahali na saa zilizofichwa ndani yake huondolewa. Itumwe kama faili, au bora zaidi, kadi ya kumbukumbu inakiliwe kwenye kompyuta. Na picha yoyote yenye kifaru isiingie kwenye kundi la wazazi wala Facebook. Mahali alipo kifaru ni siri ya walinzi wake.

Hatujawasahau watoto wa Wamba, Laisamis au Archers Post ambao hawahitaji basi, kwa kuwa huwaona wanyama hawa wakiwa malishoni na mbuzi. Wao wanaweza kuripoti kwa askari wa hifadhi ya jamii visima vinavyotumiwa na punda milia, na hasa mizoga. Hapa tunaomba wazazi wasikilize: mtoto asiguse mzoga, asikate mkia, asiusogeze hata kwa fimbo. Ugonjwa wa kimeta uliua punda milia wa Grevy eneo la Wamba mwaka 2005 na 2006, na huua binadamu na mifugo vilevile. Mtoto akumbuke mahali, aondoe mbuzi wake, amwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Wakati wa ukame ripoti hizi ni muhimu mno: kati ya Februari na Oktoba 2022, serikali ilihesabu vifo vya punda milia wa Grevy 49.

Tunaziomba hifadhi jambo moja. Pokeeni nakala za picha na karatasi za wanafunzi palepale langoni kabla basi halijaondoka, na baada ya kuzichambua iandikieni shule ni mnyama yupi alitambuliwa, na kama aliwahi kuonekana kwingine. Shule ambazo hazijaweka tarehe za safari za muhula ujao ziulize kwanza hifadhi husika iko tayari kuzipokea lini.

Walezi wa vyama vya wanyamapori shuleni,
Isiolo