Somo, mashine imefika

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye michikichi. Mama anakusalimu na anauliza lini utakuja kula migebuka. Ningekuandikia mapema, ila wiki mbili hizi narudi nyumbani usiku, mikono inanuka mawese, nalala hata kabla ya kula.

Ile mashine ya kukamua mawese imefika. Presi ya skruu mbili, boila yake, na paneli ya kugusa kwa kidole. Unakumbuka ulipokuja tulivyokuwa tukikamua: ngazi, yaani matunda ya michikichi, zinachemshwa kwenye mapipa tangu alfajiri, zinapondwa, halafu vijana wanne wanazunguka na ule mti wa presi mpaka mashati yanaloa. Sasa mvuke unapanda hadi nyuzi 140 hivi, ngazi zinaiva kwa saa moja na ushee, zinapondwa zikiwa bado za moto, na mafuta tuliyokuwa tukiyatupa pamoja na makapi yanatoka. Naipenda mashine hii, somo, nataka ulijue hilo kabla sijakueleza yaliyonikaa moyoni.

Siku ya tisa ilizima. Paneli ikaandika namba na maneno ya Kiingereza, nikataka kuingia ndani nione tatizo, ikadai namba ya siri. Namba anayo fundi wa waliotuuzia, naye yuko Dar es Salaam. Tulimsubiri siku nne, ngazi zimelundikana uani. Wewe ni mtu wa viwanda vya nguo, huenda hili hulijui: ngazi ikishakatwa na kuchubuka, kuna kimeng'enya ndani yake kinachoanza kuyageuza mafuta kuwa asidi, na kinachokizima ni moto. Ndiyo maana ngazi hazingojei. Tulipokuja kukamua, mafuta yalikuwa makali, hayafai kupikia, yakaenda yote kwenye sabuni kwa bei ya hasara. Wakulima waliozibeba kwa baiskeli kutoka milimani walisimama getini wakitutazama.

Fundi alipofika alitumia dakika ishirini. Waya wa kihisi cha joto, kifaa kinachoipimia paneli joto, ulikuwa umelegea kwa mtikisiko. Dakika ishirini, somo! Kazi ambayo mimi na wewe tungeifanya kwa bisibisi.

Linaloniuma zaidi ni la yule mama aliyekuwa mpishi wetu wa ngazi, mwenye miaka zaidi ya ishirini kwenye moshi ule. Asubuhi ya siku ile alipita karibu na boila akasema ngazi hazinuki kuiva, joto haliendi sawa. Aliambiwa namba kwenye paneli ziko sahihi. Sasa yeye ni mfagiaji. Na wale vijana wanne wa presi, wawili wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu Geita, mmoja anaendesha bodaboda. Yule wa nne alipelekwa mafunzo ya wiki moja, akarudi anaijua paneli vizuri kuliko sisi sote, na mwezi haukuisha kiwanda kingine kikamchukua kwa mshahara mkubwa. Simlaumu, ana watoto. Namlaumu aliyepanga fedha ya kununulia chuma na asipange ya kumweka mtu.

Nikipita bandarini huwa naitazama meli ya Liemba. Ililetwa vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha wenyewe, mafundi waliipaka mitambo yake grisi kwanza. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini, na mitambo ile ile. Nawaza wale waliopaka grisi kwenye kitu kinachokwenda kuzama. Walikuwa wanaijua mashine yao.

Nimemwendea tajiri. Nimemwomba mambo mawili: namba ya siri tuipate kwa maandishi, na yule mama arudi kwenye boila akae na mimi, yeye anifundishe harufu na rangi ya ngazi iliyoiva, mimi nimfundishe kusoma paneli kwa Kiswahili. La kwanza amekubali. La pili anasema umri wake umekwenda. Nitarudi tena Jumatatu, na nikikataliwa nitarudi Jumatatu nyingine.

Sasa ombi langu kwako. Chuoni tulifunzwa kontakta na relei, zile swichi za umeme; haya ya programu za kuendesha mashine umeyajulia huko kazini. Lile daftari lako la michoro, uliloniambia umelijaza tangu mlipofungiwa mashine mpya, lipige picha ukurasa kwa ukurasa unitumie. Na ukipata likizo, njoo na kompyuta yako na ile kebo ya kuiunganisha na mashine. Nina wasichana watatu hapa wanaotaka kujifunza, nimekwisha waambia unakuja.

Nitumie siku ya safari mapema. Treni ikiingia nitakuwa stesheni.

Wako,
Somo