Barua ya wazi kwa Mjomba kuhusu darasa la karate la kila Jumamosi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ulipouliza mbele ya ukoo mzima mtu mzima mwenye kazi yake anafuata nini katika darasa la karate la mara moja kwa wiki, nilikujibu kwa mkato kwa sababu pilau lilikuwa limekwisha kupakuliwa na pale hapakuwa mahali pa kueleza. Tangu hapo binti yako ameanza kukusumbua umwandikishe, nawe umenipigia simu ukitaka jibu kamili kabla ya kutoa fedha yako. Ninakujibu hadharani kwa kuwa maswali yako ndiyo ninayoulizwa pia na majirani, na wafanyakazi wenzangu, na wazazi wanaochungulia madirishani mwa ukumbi wetu hapa Dar es Salaam.

Hoja yako nzito kuliko zote ni kwamba saa moja na nusu kwa wiki haiwezi kumfundisha mtu kitu. Ungekuwa na haki kabisa kama darasa lingekuwa mahali pa kutoa jasho tu. Lakini wewe umesoma chuoni utotoni, na unajua kwamba ustadhi hakukaa nawe kutwa nzima: alikusikiliza ukisoma, akakukosoa herufi uliyoitamka kwa ulimi badala ya kuitoa kooni, kisha ukaenda kuirudia nyumbani mpaka mlipokutana tena. Darasa letu linakwenda vivyo hivyo. Jumamosi sensei, yaani mwalimu wetu, ananitazama na kunirekebisha, na siku zinazofuata ndizo ninazojifunza, sebuleni, viti vikiwa vimesogezwa ukutani, dakika chache kabla ya kuoga.

Nikupe mfano. Katika mtindo wetu, ambao ni Goju-ryu, kata ya kwanza wanayofundishwa wengi inaitwa Gekisai Dai Ichi. Kata ni mfululizo wa mapigo na kinga uliokwisha kupangwa, ambao mtu anaufanya peke yake kana kwamba ana wapinzani pande zote. Unageuka kushoto na kukinga juu, unapiga hatua mbele na kutupa ngumi, kisha unarudisha mguu nyuma na kushuka katika msimamo uitwao shiko dachi huku mkono ukifagia chini. Ukiitazama kutoka dirishani utadhani unaweza kuijua kwa nusu saa, na kweli mpangilio wake unakaririka upesi. Kazi imo katika hiyo shiko dachi. Miguu inatanuliwa kupita upana wa mabega, vidole vinaelekea nje, mapaja yanashuka, na mgongo unabaki wima. Mapaja yakianza kuwaka, mwili unatafuta nafuu kwa siri: magoti yanaangukia ndani, makalio yanachomoza nyuma, kifua kinalala mbele, na mwenye mwili anaapa kwamba amesimama sawasawa. Sensei hasemi mengi. Anapita nyuma yako, anausukuma mguu wako nje kwa goti lake, anakandamiza kidogo kiunoni kwa kiganja, na papo hapo unahisi uzito umetua kwenye nyayo zote mbili. Hisia hiyo ndiyo unayorudi nayo nyumbani, na kufikia Jumatano inakuwa imeanza kuyeyuka usipoirudia. Jumamosi inayofuata hakuna anayeulizwa kama alifanya mazoezi. Ikishahesabiwa ichi, ni, san, yaani moja, mbili, tatu kwa Kijapani, magoti yanajibu.

Wala usidhani kwamba karate ya darasani, ya watu wenye shughuli nyingine za maisha, ni uzushi wa mjini kwetu. Chojun Miyagi, mwasisi wa Goju-ryu, aliitunga kata hiyo huko Okinawa, kisiwa cha Japani, mwaka 1940 ili karate iwafikie watu wengi zaidi, wakiwamo vijana wa shule. Kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 20, Anko Itosu alikuwa amekwisha kuiingiza karate katika shule za Okinawa, akatunga kata za Pinan ambazo wanaoanza wangali wakizisoma duniani kote, wengine kwa jina la Heian. Wazee hao walijua tofauti kati ya mtu anayekwenda kuishi kwa mwalimu na mtoto anayefundishwa kwa saa chache, na wakamtafutia huyo wa pili somo linalomfaa.

Sitakuficha kwamba mara moja kwa wiki ina mipaka yake. Haitakupunguzia kitambi, na haimwandai mtu kwa mashindano. Kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, Feryal Abdelaziz wa Misri alichukua dhahabu ya kumite, yaani ya kupambana, akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata dhahabu ya Olimpiki, na Sandra Sánchez wa Hispania akashinda kata ya wanawake akiwa na umri wa miaka 39. Watu wa kiwango hicho mazoezi ndiyo kazi yao. (Ndiyo, karate iliondolewa Paris 2024, na mimi sijaridhika mpaka leo.)

Ulitania kwamba nataka kumpiga nani. Vibaka wakinizingira jioni kituo cha daladala wakitaka simu, nitawapa simu, na sensei wangu ndiye aliyenifundisha hivyo. Darasani kupambana kwenyewe ni sehemu ndogo, na kwa wanaoanza kunafanywa kwa makubaliano: mwenzako anajua ngumi itakuja wapi, nawe unajua ataikinga vipi, na ngumi inasimamishwa kabla ya kugusa. Binti yako atasikitika kidogo akigundua hilo, kwa sababu nadhani picha aliyo nayo kichwani ni ya Bruce Lee uliyekuwa ukimtazama kwenye vibanda vya video, ambaye hata hivyo alikuwa mtu wa kung fu na si wa karate.

Jambo litakalokushangaza zaidi ni mpangilio wa heshima. Tunasimama kwa kufuata mikanda na siyo umri, kwa hiyo mimi mwenye mkanda mweupe nasimama chini ya mtoto wa darasa la sita mwenye mkanda wa kijani, na mara nyingi yeye ndiye anayepewa kazi ya kunionyesha hatua. Ananiambia, "Dada, kiwiko chako kimetoka nje," namshukuru na kukirudisha ndani. Tukishavaa viatu na kutoka, ananiamkia na kunipokea mkoba. Mwanzoni mambo hayo mawili yalinipa tabu kuyaweka pamoja. Yeye hayampi tabu hata kidogo.

Kuhusu kuinama, ambako najua ndiko kunakomkosesha mama yake binti yako usingizi, swali lake ni la haki na wasimcheke. Katika madarasa mengi darasa linafunguliwa na kufungwa kwa kukaa juu ya visigino, kufumba macho kwa muda mfupi, na kisha kuinama mikono ikiwa sakafuni, jambo ambalo kwa macho ya Mwislamu linafanana mno na kusujudu. Wenzetu wanaosali walizungumza na sensei, wakakubaliana kwamba watainamisha kichwa kidogo tu wakiwa wamesimama, na darasa halijapungukiwa na chochote. Mwalimu atakayekasirishwa na ombi kama hilo mimi singempelekea mtoto. Hijabu si tatizo, kwa kuwa hata Shirikisho la Karate Duniani linairuhusu mashindanoni, ile ya aina iliyoidhinishwa.

Sasa fedha. Mikanda ya rangi haikuwapo katika karate ya zamani ya Okinawa; utaratibu wa madaraja na mikanda ulichukuliwa kutoka judo ya mwasisi wake, Jigoro Kano, na kwa mtoto una faida yake, kwa sababu anaiona safari yake kiunoni. Lakini rangi hizo hizo zimekuwa biashara. Nilipokuwa natafuta mahali pa kujifunza nilipita kwenye klabu moja ambako mtihani ulikuja kila baada ya miezi michache, kila mtihani na ada yake, na sikusikia habari ya mtu aliyewahi kufeli. Ukiambiwa tarehe ya mkanda mweusi wa mwanao kabla hajajifunza kusimama, funga pochi yako uondoke.

Kwa hiyo nakushauri hivi, Mjomba. Mlete Jumamosi hii atazame tu, nawe ukae naye kwenye benchi mpaka mwisho badala ya kumwacha mlangoni. Usimtazame sensei anapoonyesha mateke, kwa maana hapo kila mwalimu anapendeza. Mtazame anapokutana na mtoto mzito wa kuelewa, uone anamrudia mara ngapi na kwa sauti gani. Uliza ni nani aliyemfundisha yeye, na kama wasichana wana mahali pa kubadilishia nguo. Gi, yaani vazi la karate, usinunue mwezi wa kwanza, suruali ya michezo na fulana vinatosha. Kucha zake zikatwe, hereni zibaki nyumbani, na asile chapati kabla ya kuja, kwa sababu tunaanza na kuruka.