Dozi ya mzee isiamuliwe na umri peke yake

Mhariri,

Wazee wawili wa miaka 75 wanaofika Ocean Road, hospitali ya saratani, si sawa: mmoja hupanda daladala mwenyewe, mwingine hushikwa mkono hadi chooni. Kabla ya kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi aketi. Akifikisha sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini kuanguka.

Figo ndizo hudanganya. Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, ya mzee aliyekonda huonekana ya kawaida kwa kuwa misuli imepungua, kumbe uchujaji wa figo umeshuka; sisplatini, mojawapo ya dawa hizo za saratani, ikiwa ya dozi kamili itamuumiza. Hesabu ya uchujaji huo ifanywe kwa kreatinini, umri na uzito wa siku hiyo, si ule wa kwenye kadi ya zamani.

Ndugu nao walete dawa zote: presha, sukari, na mitishamba, ambayo ndiyo hufichwa.

Muuguzi, Upanga, Dar es Salaam