Nihamie mtandao gani? Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu kutoka Kwale, upande wa Lunga Lunga. Nakuandikia kwa heshima ya cheo chako na kwa uchungu ambao sitauficha, kwa maana yaliyotokea hapa siku ya mwisho ya kuchagua kozi za vyuo yamenimaliza subira.

Nina saiba ndogo kijijini, yaani duka la intaneti. Siku hiyo watoto waliomaliza kidato cha nne walijaa mlangoni tangu alfajiri, wengine na wazazi wao. Simu zote zilionyesha mtandao wenye nguvu, lakini ukurasa ulizunguka tu. Ukifunguka, malipo ya eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, yanakwama. Yakipita malipo, ukurasa umeshakutoa nje, uanze upya. Waliokuwa na nauli walichukua boda boda kwenda Lunga Lunga mjini. Msichana mmoja anayetaka uuguzi alingoja zamu yake mpaka muda ukapita, akaondoka bila kuwasilisha kitu. Nyanyake aliniuliza ni nini nilichoharibu. Mama huyo ana haki ya kuuliza, ila swali lake si langu kulijibu. Ni lako.

Nilipiga simu kwa kampuni yenye busta, yaani mnara wa simu, hapa kwetu. Nikaambiwa wahandisi wanalishughulikia. Jibu hilo tumelisikia miaka nenda miaka rudi.

Mheshimiwa, sidhani kwamba busta ile ilikuwa imeharibika. Nadhani imelemewa. Ni busta moja ya kampuni moja, yenye masafa (mawimbi ya redio yanayobeba simu na intaneti) ya kampuni hiyo peke yake, nayo imebeba vijiji vyetu vyote, shule, mawakala wa pesa na zahanati ambayo sasa haiwezi kumhudumia mgonjwa wa SHA, bima ya afya ya Serikali, bila intaneti. Kampuni nyingine zina masafa yao, na kwa ninavyoelewa mimi leseni zao ni za nchi nzima, Kwale ikiwamo. Lakini hapa hazina mnara. Masafa yao yamelala juu ya vichwa vyetu, hayatumiki na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuyatumia. Sisi wa Pwani tunayajua mambo haya. Tumeishi vizazi na vizazi kando ya mashamba ya wenye hati wasioonekana, wasiolima na wasiomwachia anayetaka kulima. Sikutegemea kuyaona yale yale hewani.

Naomba nikukumbushe ahadi. Mwaka 2015 Mamlaka yako ilizima televisheni za analogi. Mvutano wake ulikuwa mkali hata Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani karibu wiki tatu. Wananchi tuliingia mifukoni tukanunua ving'amuzi, na asiyekuwa na pesa alibaki akitazama kioo cheusi. Tulielezwa sababu, na ilikuwa sababu nzuri: masafa yatakayoachwa na televisheni, ya megahezi 700 na 800, husafiri mbali na hupenya kuta, kwa hiyo mnara mmoja huweza kuhudumia eneo kubwa la mashambani. Tuliambiwa hayo ndiyo yatakayotufikishia intaneti. Tulikubali. Tulilipa.

Yalikwenda wapi? Hata kabla ya televisheni kuzimwa, Safaricom ilishapewa masafa ya 800 bila mnada, sambamba na mkataba wa kamera na mawasiliano ya polisi wa mwaka 2014, na Desemba mwaka huo 4G yake ikawaka Nairobi na Mombasa. Wengine walipata fungu lao baadaye. Mwaka 2022 Airtel ililipa dola milioni 40 kwa megahezi 60 katika bendi ya 2600. Vyema, lakini masafa ya 2600 hayafiki mbali. Yanafaa penye watu wengi waliokaribiana, na hapa nyumba zimetawanyika na mikorosho na vichaka katikati. Aliye mjini anaongezewa kasi, nasi tunaongezewa foleni.

Ofisi yako husema kuna ushindani. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaruhusiwa kuhama kampuni na namba yake. Mimi niko tayari kuhama leo hii. Nihamie wapi, mheshimiwa, ilhali laini za kampuni nyingine hapa kwangu hazisomi chochote? Kampuni ya Yu iliondoka mwaka 2014. Airtel na Telkom walitaka kuungana wapate nguvu, na Agosti 2020 mpango ukafa. Baadaye Telkom ikazimiwa mitambo kwa madeni ya minara, wateja wake wakabaki na laini zisizoita. Huku kwetu ushindani tunausikia redioni.

Nyinyi wenyewe mlilijua hili. Mliwaajiri wataalamu wa Analysys Mason wachunguze soko, na rasimu yao ya mwaka 2017 ilipendekeza kampuni kubwa, yaani Safaricom, ilazimishwe kushiriki minara na wenzake kwenye maeneo yenye huduma haba. Yale ya pesa za simu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine yalisogea mwaka uliofuata. Yale ya minara sijayaona huku. Kisha mkatangaza kwamba kuanzia Januari 2022 ada ambayo kampuni hulipana simu inapovuka mtandao itashuka kutoka senti 99 hadi senti 12. Safaricom ikapinga mbele ya baraza la rufaa, na Agosti mwaka huo tukaangukia senti 58. Mkubwa akikataa, mnarudi nyuma. Sina ushahidi kwamba sababu ni hisa, lakini Serikali iliyowapa nyinyi mamlaka kwa miaka mingi ilikuwa na asilimia 35 ya Safaricom na ilikula gawio lake kila mwaka. Mwananchi akiwaza vibaya hapo, msimlaumu.

Liko jambo moja linaloniuma kuliko yote. Tuko karibu na mpaka. Ukipanda mlimani nyuma ya shule, simu inashika mtandao wa Tanzania, na laini yangu ya Kenya inapokelewa huko kwa bei ya ugenini. Yaani laini yangu ina ruhusa ya kuazima mnara wa nchi jirani, lakini laini ya jirani yangu aliye na kampuni nyingine ya Kenya haina ruhusa ya kuazima mnara wa Kenya anaouona akiwa kitandani kwake. Basi msituambie kwamba mitambo haiwezi. Mitambo inaweza. Kilichokosekana ni amri yako.

Na amri hiyo unayo. Leseni ni zako, masharti ya masafa ni yako, na Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa asilimia 0.5 ya mapato ya kampuni hizi, uko mikononi mwenu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili. Kifungu cha 6 kinataka huduma za Serikali zifike kila pembe ya Jamhuri, na Serikali yenyewe ndiyo iliyohamishia huduma zake eCitizen na kutuahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya Wi-Fi. Faiba tutaingojea. Masafa hayahitaji kuchimbiwa mtaro, yapo tayari.

Ninachoomba ni kidogo. Penye mnara mmoja, mnara huo ubebe laini zote. Masafa ya kampuni zisizokuwapo yawashwe juu ya mnara huo huo, kwa kodi ya haki mtakayoipanga nyinyi ili aliyegharamika kujenga asidhulumiwe. Kampuni isiyotaka kutumia masafa yake hapa wala kuyaazimisha, inyang'anywe hapa na apewe anayetaka. Kama hayo matatu ni mengi, basi nipe lile la kwanza tu: mnara mmoja, laini zote. Anza na Kwale. Anza hata na wadi moja ya Kwale.

Na tafadhali usinijibu kwa takwimu za asilimia ngapi ya Wakenya wamefikiwa na 4G. Kwenye ramani yenu nina hakika sisi tumepakwa rangi. Tuma wahandisi wako waje na vipimo vyao siku ya soko, saa nne asubuhi, waketi hapa saiba wajaribu kufungua ukurasa mmoja wa Serikali. Viti nitawapa.

Dirisha la pili la kuchagua kozi likifunguliwa, yule msichana atarudi. Nataka kujua kabla ya siku hiyo kama umetoa amri au hukutoa.

Wako,
Mwenye saiba, Lunga Lunga, Kwale